Kutoa Bila Kulinda

Yako maradhi ambayo adui wake hatoki nje. Katika baridi yabisi, kinga ya mwili huvishambulia viungo vya mwili uleule, hata vidole vikapinda na mtu akashindwa kufunga vifungo vya shati lake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hapa ki damuni.

Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli za wengu wa panya, zenye kutengeneza kingamwili, na seli za saratani, ambazo hazichoki kuzaana. Wakapata chemchemi ya kingamwili za namna moja tu, zenye shabaha moja. Njia hiyo hawakuikatia hataza. Katika miaka ya 1990, Marc Feldmann na Ravinder Maini wa London walionyesha kwamba kingamwili inayoizuia TNF, protini mojawapo inayochochea uvimbe, huwapa nafuu wagonjwa wa baridi yabisi.

Sasa nauliza: mtu akichimba kisima akakiacha wazi, kisha wengine wakajenga ukuta wakauza maji, je, ukarimu wake una kasoro? Kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilieleza mwaka 2021 kwamba sindano moja ya adalimumab, iliyouzwa dola 522 mwaka 2003, ilikuwa imefika dola 2,984. Kampuni husema majaribio yana gharama kubwa. Ni kweli, wala silidharau jambo hilo. Kisima si maji mtungini. Lakini halielezi kwa nini sindano ileile ipande bei karibu mara sita.

Wako watakaosema Milstein angekata hataza ili kuizuia tamaa. Siafiki. Mwenye ufunguo leo huenda asiwe mwenye ufunguo kesho. Wa kuulizwa ni aliyejenga ukuta, pamoja na serikali iliyompa kibali.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumab katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kuorodhesha, hata hivyo, si kufikisha. Dawa hii yataka jokofu. Tena TNF ndiyo inayosaidia kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu. Ikizuiwa, ugonjwa uliolala huweza kuamka. Kwetu, ambako kifua kikuu ni kingi, hilo si jambo dogo. Atakayetuletea dawa hii kwa bei nafuu, hana budi aambatanishe na kipimo cha kifua kikuu, na umeme usiokatika katika zahanati.