Mtoto wa Nani, au Mwaka Gani?

Sheria ya Mtoto ya 2009 haina maneno mengi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ni kosa kumwuzia sigara au pombe. Naikubali. Swali langu, ndugu msomaji, ni dogo tu: muuzaji anapodai kitambulisho, anatafuta nini hasa?

Twende Kihesa, Iringa, msimu wa ulanzi. Nani pale kilabuni anaulizwa mwaka wa kuzaliwa? Mama muuzaji anakujua kwa baba yako na shangazi zako. Ulipozaliwa alikuja kumpongeza mzazi. Huo nao ni utambulisho, tena hauna picha ya kufubaa. Ila una tundu. Mtoto wa miaka tisa, kaptula ya shule mwilini, anatumwa kibandani, "kachukue sigara mbili za baba," na anapewa. Anajulikana, bwana!

Sasa Mwanjelwa, Mbeya. Rafiki yangu wa Pemba, mtu wa miaka 27, uso bado laini, aliomba pakiti ya sigara kwenye duka moja. Akatakiwa kitambulisho. Akatoa cha Mzanzibari Mkaazi, kilichoanza na sheria ya 2005, kabla NIDA haijaanza kutoa cha taifa mwaka 2013. Muuzaji akakigeuza mbele nyuma.

"Hiki cha nchi gani?"

Nikamwambia, kaka, tarehe ya kuzaliwa hiyo hapo, soma. Hakuisoma. "Mbona Kiswahili chake kiko hivyo?" Nusura nicheke. Sisi wa Nyanda za Juu tumkosoe Mpemba Kiswahili!

Kadi ngeni machoni inakupa haki ya kusita, sikatai. Kughushi kupo, na mwenye duka ndiye atakayeshtakiwa. Lakini anayesita kwa ajili ya umri huitazama tarehe, huuliza, humwita jirani. Aliyeruka tarehe akatua kwenye lafudhi hamlindi mtoto yeyote. Anamchuja mgeni, na sheria ya watoto ameigeuza chujio.

Wapo wanaosema dawa ni kila mtu awe na kadi ya taifa, yaishe. Wamesahau miaka ile wengi wetu tulipotembea na namba tu ya NIDA, imeandikwa kwenye kikaratasi? Hebu kichukue kikaratasi hicho, uvuke nacho hadi Chake Chake, uombe sigara.