Macho ya Bibi

Bibi yake bibi harusi hakupenda kupigwa picha. Jioni ya harusi, baada ya kumwamkia na kumbembeleza, akaniambia, "Haya mjukuu wangu, piga, lakini usinichoshe." Alikuwa amekaa mkekani karibu na dirisha. Nilichutama kama mita moja na nusu mbele yake, kamerani nimefunga lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.4, niliyorithi kwa mjomba. Ni lenzi ya enzi za filamu, kwa hiyo fokasi nilizungusha kwa mkono. Nilichungulia, macho yake yakaonekana safi kabisa. Nikapiga picha 6.

Usiku nilipozikuza kwenye kompyuta, nguvu ziliniisha. Nyuzi za dhahabu kwenye pindo la mtandio, karibu na sikio, ungeweza kuzihesabu. Kope zilikuwa ukungu mtupu, katika picha zote 6.

Kwa umbali ule, lenzi ile ikiwa wazi yote, sehemu inayotoka safi haizidi sana sentimita 5. Kutoka jicho hadi sikio ni zaidi ya hapo.

Mjomba alitumia lenzi hiyohiyo kwenye Nikon FM2, kamera iliyotoka mwaka 1982, na hakupata shida. Katikati ya kioo chake cha kuchungulia pana duara lililogawanyika. Ukielekeza kwenye nguzo ya mlango na fokasi haijakaa, nguzo inaonekana imekatika. Unazungusha mpaka vipande viungane. Jicho halikisii, linaona kosa lenyewe. Mwaka 1985 Minolta 7000 ikaja na autofokasi ndani ya kamera yenyewe, wengine wakafuata, na duara lile likatoweka polepole.

Kamera yangu ya dijitali, kama nyingi za aina yake zenye kioo cha ndani kinachoinuka, ilipewa kioo cha kuchungulia kinachong'aa ili hata zoom ya f/5.6 isionekane giza. Mng'ao huo una bei yake. Lenzi ikiwa f/1.4, kioo kinakuonyesha kama iko karibu na f/2.8: kinaficha ukungu ambao kamera itaunasa. Nilichokiona kiooni sicho nilichokipiga. Pale chini palikuwa na kidoti cha kijani cha kuthibitisha fokasi, nami sikukitazama. Hata hivyo huwaka mapema na kuchelewa kuzima, hakitoshi kwa tundu pana hivyo.

Nilipaswa kuwasha picha kwenye skrini ya nyuma, kuikuza mara 5 au 10 juu ya jicho, ndipo nizungushe. Wenye kamera zisizo na kioo cha ndani nao wasijiamini mno. Rangi ambayo kamera hizo huwasha kwenye kingo za vitu kuonyesha fokasi hufuata palipo na tofauti kali ya mwanga na kivuli. Uzi wa dhahabu utawaka kabla ya kope za mzee. Kuza kwanza.

Kabla ya shughuli yoyote, pima kioo chako cha kuchungulia: laza rula mshazari mezani, weka fokasi kwenye namba 15, piga lenzi ikiwa wazi yote, kisha angalia ni namba ipi iliyotoka safi.

Picha ya bibi ipo ukutani kwao. Niliisafisha ndogo, ukubwa wa kadi ya posta, maana ikizidi hapo macho yanapotea.