Mwalimu, Uliza

Saa hizi za asubuhi, pale Liuli kando ya ziwa, wavuvi wa usipa wanarudi ufukweni, taa zao zimezimwa, na mwalimu anashika njia ya shule, kishikwambi kikiwa mkobani.

Vifaa hivyo vilitumika kwanza katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Baadaye serikali ikavigawa kwa walimu. Kwa kifaa hicho mwalimu anaweza kufungua vitabu katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Lakini kifaa hakifundishi chenyewe. Mwalimu aliyeshika chaki miaka 25 huona haya kumuuliza mwenzake kijana: mwanangu, hapa nabonyeza wapi? Mwalimu wangu, uliza. Ukiuliza mbele ya wanafunzi, unawafundisha somo lisiloandikwa kwenye mtaala: kwamba mtu mzima naye hujifunza.

Na kama mtandao husumbua mchana, pakua somo usiku, uje nalo asubuhi. Hata mvuvi hushona wavu wake kabla ya kuingia ziwani.

Kuuliza si ujinga. Leo nenda na swali lako shuleni. Asubuhi njema.