USIUFICHE MKONO WAKO



Siku ya harusi yenu, mbele ya altare, mlishikana mikono ya kuume. Hapo ndipo mlipoahidiana uaminifu, uzima ukiwepo na hata maradhi yakija. Kisha pete ikatiwa kidoleni. Kwa hiyo mkono wako, ewe mke, na mkono wako, ewe mume, si kiungo cha kufanyia kazi tu. Ni mkono uliotoa ahadi. Unapouma, mwenzako ana haki ya kujua.

Hebu tumfikirie mama mmoja na mumewe wanaokaa Taru, kule Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Nchi ile ni kavu. Mvua ikikosa, maji hufuatwa mbali, na mtungi wa lita 20 haumhurumii mtu. Mama huyu huteka maji, hukata kuni, hushika jembe mvua ikinyesha, hufua, na jioni husonga sima. Miezi kadhaa sasa, usiku wa manane mkono humwamsha. Unawaka moto, na vidole vina ganzi kama vinavyochomwa sindano. Huketi kitandani akiukung'uta mpaka utulie. Mchana kikombe humponyoka. Vidole anaviona kama vimejaa, pete yambana, basi ameivua na kuifunga katika pindo la leso.

Huko matangani alisikia kwamba marehemu fulani kiharusi kilimwanza kwa ganzi ya mkono. Shangazi yake alimsimulia habari za ukoma wa zamani. Jirani naye akamnong'oneza kwamba amerogwa. Mama akaamua kunyamaza. Moyoni anasema, “Nikimweleza baba watoto, atanirudisha kwetu.”

Na mume je? Yeye huamka usiku akamkuta mkewe ameketi, amempa mgongo. Ameona kidole hakina pete. Naye hakuuliza. Amejijibu mwenyewe kwamba moyo wa mkewe umehama. Tazameni, wapendwa! Kitanda ni kimoja, hofu ni mbili, na hakuna hata neno moja lililosemwa. Mkono unauma, lakini ndoa ndiyo inayougua.

Kwanza tuutazame mkono wenyewe, kwa maana hofu hupenda giza.

Katika kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo hupita kano za vidole pamoja na mshipa wa fahamu uendao kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia hiyo ikijaa au kuvimba, mshipa hubanwa. Ndipo huja ganzi na moto katika vidole hivyo, hasa usiku, na mtu akiukung'uta mkono hupata nafuu. Kidole cha mwisho kwa kawaida husalimika. Shida hii huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Kazi nzito ya kushika na kukaza kila siku huichochea. Huwapata pia wajawazito, nao wengi wao hupona baada ya kujifungua. Wenye kisukari na wenye ugonjwa wa tezi ya shingo nao huweza kupatwa.

Hiki si kiharusi, wala si mwanzo wa kiharusi. Tiba yake mara nyingi huanza kwa jambo dogo: kuufunga mkono usiku kwa kitu kinachoushikilia unyooke, na kuupumzisha mchana. Isipotosha, daktari huweza kudunga sindano, au kufanya upasuaji mdogo wa kuufungulia mshipa nafasi. Lakini aliyeficha kwa miaka huweza kupoteza nguvu na nyama ya kidole gumba, na nyama hiyo ikishakwisha hairudi kwa urahisi. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Maumivu hayo huweza pia kutoka kwenye mishipa ya shingo au kwenye viungo vyenyewe. Kwa hiyo msijipime wenyewe nyumbani, wala msipimwe na jirani. Mpimaji ni tabibu.

Na ukoma? Watu wa Kwale wana sababu ya kuukumbuka. Huko Tumbe, Msambweni, palikuwa na makazi ya watu waliotengwa kwa ajili ya ugonjwa huo, na wapo waliotengwa na waume zao au wake zao. Lakini jueni kwamba mara nyingi ukoma huanza kimyakimya, bila maumivu: baka lililopauka au jekundu lisilohisi kitu, au mkono unaoungua jikoni na mwenyewe hana habari. Mtakatifu Damiano, padre Mbelgiji aliyewahudumia wenye ukoma huko Molokai, mwaka 1884 alitia miguu yake katika maji ya moto sana, asisikie uchungu. Hapo akajua kwamba naye ameupata. Kwa hiyo, ndugu yangu, mkono unaouma wakuita uutazame. Mkono usiohisi ndio wa kuogopewa zaidi.

Hata huo ukoma una dawa leo. Tangu mwaka 1995 dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Ulimwenguni. Hunywewa kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa akiisha kuanza dawa, muda mfupi tu haambukizi tena. Hakuna sababu ya kumtoa mtu nyumbani mwake.

Yako mambo yasiyongoja kesho. Mkono ukilegea ghafula upande mmoja, au mdomo ukaenda upande, au maneno yakakwama, hiyo huenda ni kiharusi. Kimbilia hospitali saa ileile. Fanya hivyo pia mkono ukiuma pamoja na kifua kubana. Na mkono unaozidi kudhoofika na kukonda wiki baada ya wiki, hata kama hauumi, lazima uonwe na daktari upesi.

Sasa tugeukie Injili. Mtakatifu Marko, katika sura ya tatu, atusimulia habari za mtu mwenye mkono uliopooza, aliyekuwa ndani ya sinagogi siku ya Sabato. Bwana wetu hakumponya kwa siri, mkono ukiwa umefichwa ndani ya vazi. Alimwita asimame katikati, akamwamuru aunyoshe mbele ya wote. Kile ambacho angeweza kukificha kwa aibu ndicho alichotakiwa kukitoa, nao mkono ukawa mzima. Mwenye kuficha hujinyima kuponywa.

Nawe, mke au mume, humwonyeshi mkono wako mtu mgeni. Wamwonyesha yule aliyeushika siku ya ahadi. Usingoje upate hakika ndipo useme. Mwambie mwenzako hofu yenyewe, jinsi ilivyo: “Mkono waniuma usiku, nami naogopa.” Maneno hayo machache yatosha.

Nawe unayeambiwa, usicheke, wala usikimbilie kusema ni kazi ya maadui. Mganga atakula mbuzi wako na kukuachia uadui na jirani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha tumheshimu tabibu na tusiache kumwomba Mungu, kwa kuwa hata dawa zatoka kwake. Sala na zahanati ni ndugu. Nendeni pamoja, ninyi wawili. Anzeni kituo cha karibu. Mkiandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Kinango au ile ya kaunti iliyoko Msambweni, msiiweke chini ya godoro. Jiandikisheni pia katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, kabla maradhi hayajawabana.

Ewe mume, kuna dawa nyingine iliyo mikononi mwako. Chukua ule mtungi. Msiseme maji ni kazi ya mwanamke. Mkono mmoja haulei mwana, wala hautunzi nyumba. Ukiuchukua kwa mwezi mmoja tu, huenda mkeo akapata usingizi, nawe ukalala.

Lakini tuseme jibu la daktari limekuwa zito. Hutokea, nami siwezi kuwaficha. Hapo ahadi ya altareni ndipo inapoanza kazi yake. Mwiteni padre kwa Mpako wa Wagonjwa. Sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu, ni ya kumtia nguvu mgonjwa wa ugonjwa mzito. Waambieni wanajumuiya wenu, nao watawasaidia kubeba. Ugonjwa uliobebwa na wawili haupungui katika mwili, lakini hautawatenga.

Basi usiku wa leo, watoto wakiisha kulala, washeni taa. Mwenye mkono unaouma aunyoshe, na mwenzake aushike. Kama pete imo pindoni, itoeni muitazame pamoja. Si lazima irudi kidoleni kabla uvimbe haujaisha. Yatosha kila mmoja ajue kwa nini iliondoka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, kuna maumivu au hofu ambayo sijamwambia mwenzangu? Nini kinanizuia?
2. Mwenzangu akinyamaza, mimi humwuliza, au hujijibu mwenyewe moyoni?
3. Ni kazi gani ya mwenzangu ninayoweza kuichukua kuanzia wiki hii?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.