Ameokoka, Lakini Nani Amemfundisha?

Kuna neno tunalitumia haraka mno: "amerudi nyuma." Kijana wa mtaani anakuja mbele Jumapili, anafanya sala ya toba, tunapiga makofi. Jumatano anasukumwa kule steji, anatukaniwa mama, anarusha ngumi. Basi tunasema wokovu wake haukuwa wa kweli.

Mimi nauliza, ni nani alimwonyesha kitu kingine cha kufanya na hasira? Dhambi husamehewa mara moja, lakini kumeza tusi ni jambo la kufundishwa, kama kupiga randa. Mtoto aliyelelewa nyumbani amefanya mazoezi hayo miaka yote na ndugu zake: kungoja zamu, kusema pole, kukataa bila kupigana. Aliyekulia mitaa ya Eldoret na chupa ya gundi mdomoni alijifunza mengine, maana huko asiyepiga kwanza hunyang'anywa. Wengine watasema Roho Mtakatifu ndiye mwalimu. Amina. Ila kiasi ni tunda, na tunda huchukua msimu.

Hata serikali imesogea. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kule Borstal ya Shikusa, Kakamega, wavulana hufundishwa useremala. Ni vizuri. Lakini fundi asiyeweza kuambiwa "hapa umekosea" atafukuzwa wiki ya kwanza (na tuseme ukweli, hata sisi tuliookoka miaka 20 hilo hutushinda).

Mtazame Paulo. Onesimo aliokoka kupitia kwake akiwa kifungoni, na hakumrudisha kwa Filemoni hivi hivi tu. Alimwandikia mwenye nyumba barua, akaahidi kulipa kama kuna deni. Alijua anayepokea naye anahitaji kuandaliwa.

Kwa hivyo nawauliza wazee na mashemasi wa mlangoni: kijana huyo akirudi Jumapili na jicho limevimba, nani ataketi naye, ampe maneno ya kusema siku nyingine, wayarudie pamoja kama kwaya inavyorudia sauti hadi ulimi uzoee? Na nani atamsindikiza kwa yule aliyempiga, akaombe msamaha? Pasta peke yake hawezi. Akina baba hukutana Alhamisi jioni; wiki hii tuanze na majina ya vijana wawili, na kila mmoja apewe mzee wake.