Sura Isiyo na Jina

Adriaen van Ostade, mchoraji wa Haarlem, alipochora katika bamba la shaba, mwaka 1653, jamaa ya wakulima wakimshukuru Mola kabla ya kula, alimpa mwanamke wa shamba staha ambayo wachoraji wengi wa zama zake walimnyima, wakimfanya kichekesho cha kuwafurahisha matajiri wa mjini. Walakini jina hakumpa. Naye Joy Adamson, aliyeagizwa na serikali ya kikoloni kuwachora watu wa Kenya, ambaye kitabu chake juu yao kilitoka 1967, alinakili shanga na hereni kwa uangalifu wa ajabu, ila wengi wa wanawake aliowachora twawajua kwa kabila tu.

Je, mwenye kuchorwa ana haki juu ya mchoraji? Naitakidi kwamba anayo, kwani karama ya mwanadamu, kama dini zetu zinavyofundisha, haikai katika mavazi yake. Hapa mtaani Umoja, Nairobi, katika soko la Mutindwa, mama aliyetoka shamba husokota majani ya sukuma wiki, akayakata membamba kwa kisu kilicholika, huku akibishana na mteja juu ya shilingi kumi na kumsahihisha mwanawe hesabu za shule. Kumchora huyu pasipo kumwuliza jina ni dhuluma, hata picha ikiwa nzuri namna gani. Na deni la waliokwisha kuchorwa halijafutika: Makumbusho ya Taifa, yanayohifadhi michoro ya Adamson, yaweza hata sasa kuipeleka vijijini na kuwauliza wazee, ni nani hawa.