HAKI YA MWALIMU ALIYEKUFA

Mtu mwema akifa, ndimi za watu hufunguka. Aliyekuwa hamtaji humtaja, na aliyekuwa akimsema vibaya hunyamaza. Siku tatu nyumba hujaa; mikeka hutandikwa, kahawa huzunguka, na kila aingiaye ana kisa chake cha wema wa marehemu. Kisha mikeka hukunjwa, na watu hurudi katika shughuli zao. Hapo ndipo linapoanza swali ambalo twataka kulitazama leo: mtu aliyetufundisha, akatutoka, ana haki gani juu yetu? Je, ni machozi? Ni sifa? Ni jina lake kuandikwa juu ya mlango? Au liko deni jingine ambalo hayo yote hayalilipi?

Swali hili si la kupitishia wakati. Sisi ni watu wa darsa, na kila tulicho nacho tumekipokea kwa mtu. Tukikosea katika jawabu lake, tutakuwa tunamlilia mwalimu kwa macho huku tukimzika mara ya pili kwa mikono yetu.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, na tuchukue mfano wa mtu ambaye habari zake zajulikana. Naye ni Peter Safar, tabibu wa wagonjwa mahututi, aliyefariki mwezi wa Agosti 2003 huko Marekani akiwa na umri wa miaka 79. Hakuwa wa nchi yetu wala wa dini yetu. Lakini wema hauulizwi ulizaliwa wapi, na elimu yenye manufaa huokotwa popote ionekanapo.

Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1924, na wazazi wake wote wawili walikuwa matabibu. Ujana wake uliangukia katika siku za dhuluma ya Hitler na vita vikuu. Alihitimu utabibu mwaka 1948, akahamia Marekani mwaka uliofuata, na huko akabobea katika elimu ya dawa za usingizi. Elimu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye jambo lililomshughulisha maisha yake yote, yaani pumzi ya mwanadamu: jinsi ikatikavyo, na jinsi iwezavyo kurudishwa.

Zamani hizo mtu aliyezama au aliyekatika pumzi alilazwa kifudifudi, akakandamizwa mgongo na kuinuliwa mikono. Ndivyo vitabu vilivyosema, na ndivyo watu walivyofuata kwa miaka mingi bila ya kuuliza kama kweli hewa yaingia mapafuni. Safar na mwenzake James Elam waliuliza. Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika mia. Tuitoapo hubakiwa na kiasi cha 16. Elam alikwisha kuonyesha kwamba hiyo iliyobaki yamtosha mtu mwingine. Basi mbona tusimpulizie aliyezama pumzi yetu wenyewe?

Safar hakutosheka na kukisia. Katika mji wa Baltimore, mnamo mwaka 1957, watu waliojitolea walilazwa usingizi na kutiwa dawa ya kulegeza viungo hata wasiweze kupumua wenyewe. Kisha watu wasiokuwa matabibu wakaambiwa wawapulizie kwa kinywa. Ikadhihiri kwamba kichwa kikilazwa nyuma na taya likiinuliwa, njia ya hewa hufunguka, na pumzi ya mtu wa kawaida huingia mapafuni. Ama ile desturi ya kukandamiza mgongo, mara nyingi haikuingiza kitu, kwani ulimi ulikuwa umeziba koo.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Je, ni haki kumnyima mtu pumzi yake, hata kwa ridhaa yake, ili sisi tupate kujua jambo? Lau tabibu angetaka kufanya hivyo leo, mabaraza yanayochunga maadili ya utafiti yangemuuliza maswali mengi kabla ya kumpa ruhusa, na huenda yangemkatalia. Twaweza kumtetea Safar kwa kusema kwamba walioingia waliingia kwa hiari, na kwamba manufaa yalienea dunia nzima. Lakini hatari ilikuwa ni hatari. Sitaji haya kwa kumtia ila mtu aliyekwisha kufa. Nayataja kwa sababu mwalimu asiyetajwa ila kwa sifa hugeuka kuwa sanamu, na sanamu haimfundishi mtu kitu. Haki ya kwanza ya mwalimu ni kusemwa kweli.

Mwaka 1958, katika hospitali ya mji huo wa Baltimore, alifungua chumba cha wagonjwa mahututi, kimoja katika vya kwanza kabisa Marekani, chenye tabibu wa kukaa humo usiku na mchana. Huko Denmark, Bjørn Ibsen alikuwa amekwisha kutangulia mwaka 1953, baada ya maradhi ya polio kuushika mji wa Copenhagen mwaka 1952, ambapo wanafunzi wa utabibu walipokezana zamu kuwasukumia wagonjwa pumzi kwa mikono yao. Aliyepata kumwona mgonjwa wake katika chumba cha namna hii hukumbuka mashine, mirija na sauti zisizokoma. Lakini mashine si roho ya chumba. Roho yake ni jicho la mwanadamu linalokesha, na azimio kwamba mtu aliyefika ukingoni hataachwa peke yake.

Mwaka 1961 alihamia Pittsburgh, na huko akawa mwalimu hasa. Wanafunzi walimjia kutoka nchi mbalimbali kujifunza kazi hii, wakarudi makwao kuianzisha. Hata hivyo, mtihani mkubwa wa maisha yake haukumkuta hospitalini. Mwaka 1966, yeye na mkewe wakiwa safarini, binti yao mdogo aliyekuwa na ugonjwa wa pumu alishikwa na shambulio kali. Moyo wake ulirudishwa ukapiga, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kukosa hewa kwa muda mrefu, na mtoto akafa. Mtu aliyewafundisha walimwengu namna ya kurudisha pumzi alifiwa na mwanawe kwa kukosa pumzi.

Ndugu msomaji, msiba kama huu una njia mbili. Iko njia ya kumfanya mtu akunje kazi yake na kusema, yote yalikuwa bure. Na iko njia ngumu zaidi, ya kuuliza msiba umetufundisha nini. Safar alishika njia hii ya pili. Alielewa kwamba moyo kupiga hakutoshi, kwani ubongo ukikosa oksijeni dakika nne au tano huanza kuharibika. Akaitoa miaka yake iliyobaki kutafuta njia za kuuokoa ubongo. Akaelewa pia kwamba chumba kizuri hospitalini hakimfai mtu anayefia njiani. Msaada hauna budi kumfikia mtu pale pale alipoanguka.

Katika Pittsburgh siku hizo mgonjwa aliyeanguka barabarani au nyumbani kwake alichukuliwa aghalabu na gari la polisi, akalazwa nyuma bila ya mtu wa kumtazama njiani. Mwaka 1967 Safar alishirikiana na watu wengine kuanzisha huduma ya gari la wagonjwa iliyoitwa Freedom House. Je, aliwachagua nani wafunzwe? Si wana wa wakubwa, wala si waliokwisha kusoma sana. Walichukuliwa watu weusi wa mtaa wa Hill District, waliokuwa hawana kazi, ambao mji ulikuwa umekwisha kuwahesabu kuwa si watu wa kuajirika. Wakasomeshwa kwa muda wa saa 300 hivi: viungo vya mwili, pumzi, moyo, majeraha, uzazi. Wakatoka wakifanya kazi ambayo watu wengi walidhani ni ya tabibu peke yake, na wakaifanya kwa ustadi.

Mwaka 1974 tabibu mmoja kijana, Nancy Caroline, alipewa kazi ya kuwasimamia na kuwafundisha zaidi. Lakini mwaka 1975 serikali ya mji ilianzisha huduma yake yenyewe, na Freedom House ikafungwa. Wengi wa wale waliokuwa wa kwanza wakasukumwa kando, na mafunzo yaliyopikwa mikononi mwao yakaenea nchi nzima bila ya majina yao. Basi tukimsifu Safar leo tukawasahau hao, tutakuwa tumemdhulumu yeye pia. Mwalimu hujulikana kwa wanafunzi wake. Anayemkata mwalimu na wanafunzi wake amemkata mti na matunda yake.

Huenda msomaji akasema: hakuna afaye ila kwa ajali yake, basi kuna maana gani kushindana na mauti? Jawabu ni kwamba ajali hatukuonyeshwa. Tulichoonyeshwa ni mtu aliyelala mbele yetu na mikono miwili tuliyopewa. Kumwacha kwa kisingizio cha kadari ni kudai kujua tusichokijua. Wala wenye kazi hii hawafundishi kushindana na kila kifo. Wao husema kwamba juhudi hii ni ya yule ambaye mauti yamemshtukiza na moyo na ubongo wake vingali vizima. Si ya kumrefushia uchungu aliyefikia mwisho wa maradhi yasiyo na dawa. Kwa hiyo tabibu mwema ana elimu mbili, ya kushika na ya kuachilia, na pengine hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi. Safar mwenyewe, aliyewarudishia wengi pumzi, alikufa kwa saratani kama wafavyo watu.

Mwingine atasema: kusifu kuna faida gani basi, ikiwa haki ya mwalimu si sifa? Hatukatazi sifa. Sifa ya kweli humpoza aliyefiwa, na humwonyesha kijana kwamba njia hii imepitwa na mtu kama yeye. Lakini sifa ni mlango, wala hakuna ajengaye mlango akalala kizingitini. Mwenye kusema, "Mwalimu wetu alikuwa mkarimu wa elimu," kisha akaificha elimu yake asiwape wadogo wake, ameubomoa ushahidi wake mwenyewe.

Na liko jambo moja zaidi ambalo wengi wetu hulikosea. Twadhani kumwandama mwalimu ni kutobadilisha neno lake. Safar alifundisha utaratibu wa kufungua njia ya hewa kwanza, kisha kupuliza pumzi, kisha kukandamiza kifua. Mwaka 2010, baada ya utafiti wa miaka mingi, wakubwa wa elimu hiyo Marekani waliugeuza: kwa mtu mzima aliyeanguka ghafula, kukandamiza kifua kutangulie. Je, walimvunjia heshima? Hasha. Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba desturi isiyopimwa haifai, hata ikiwa ya miaka mingi. Waliyabadilisha maneno yake kwa kuushika mwendo wake. Ama wale waliokandamiza migongo kwa miaka mingi, walikuwa wakihifadhi desturi huku watu wakifa.

Sasa tujitazame wenyewe. Sisi ni watu wa pwani; bahari iko mlangoni. Mtoto akitolewa majini, watu hukusanyika. Huyu humtingisha, huyu humkamua tumbo, huyu hukimbia kutafuta gari, na wengine husimama wakilia. Dakika nne hupita upesi mno katika hali hiyo. Ni nani kati yetu aliyejifunza la kufanya? Elimu yenyewe haihitaji shahada. Safar alithibitisha mwaka 1957 kwamba mtu asiye tabibu aweza kuitenda. Yataka siku moja au mbili mbele ya mwalimu aijuaye, na kisha kuirudia isije ikasahaulika. Kama katika kila darsa watu wawili wangejifunza, nao wakafundisha wawili wawili, huenda mtoto fulani wa mtaa fulani asingezikwa.

Basi haki ya mwalimu aliyekufa, kwa kadiri tuonavyo, ni hii: asemwe kweli, wema wake na mashaka yake, wanafunzi wake wasisahauliwe, hasa wale wasio na wa kuwasemea, mwendo wake ushikwe hata pale neno lake lilipobadilishwa, na elimu yake ipewe yule ambaye watu walidhani haimstahili. Mwisho huu ndio mzito kuliko yote, kwani kumlilia mwalimu hakutugharimu kitu, na kumpa jirani elimu hutugharimu ile fahari ya kuwa sisi peke yetu ndio tunaojua.

Kila mmoja wetu ana mwalimu aliyetangulia. Tutakapokaa tena juu ya mkeka wa msiba na kahawa ikizunguka, tuseme mazuri yake. Kisha mikeka itakapokunjwa, tujiulize ni nani leo amejifunza kwetu kile tulichojifunza kwake.